Kabla ya Tiger alikuwepo Calvin Peete

Jumamosi tulikuwa sebuleni kwa shemeji tukitazama gofu. Kijana mmoja akasema, kwa uhakika kabisa, kwamba kabla ya Tiger Woods hapakuwa na Mmarekani mweusi aliyeshinda chochote cha maana katika mchezo huu. Hakuna aliyembishia. Na mimi, kwa kuwa ni nyumba ya watu, nikanyamaza. Nimerudi na donge kooni, leo nalitoa.

Alikuwepo Calvin Peete. Alishinda mashindano 12 ya PGA Tour, ile ligi kuu ya gofu ya kulipwa Marekani, 11 kati ya hayo ndani ya miaka mitano tu, kuanzia 1982 hadi 1986. Mwaka 1985 alitwaa The Players, moja ya mashindano makubwa ya ligi hiyo, kule Sawgrass, Florida, kwa mikwaju 66 siku ya mwisho (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi), aliyemfuatia akiwa nyuma kwa mikwaju mitatu.

Sasa habari ya mkono wake. Utotoni alianguka mtini, kiwiko cha kushoto kikavunjika, na hakikunyooka tena maisha yake yote. Aliyewahi kufundishwa gofu anajua uzito wa jambo hilo. Siku yangu ya kwanza uwanjani mwalimu alisimama pembeni na kijiti, kila nilipoinua fimbo kiwiko cha kushoto kikapinda, alikigusa na kusema, "Nyoosha." Nilinyoosha asubuhi nzima mpaka bega likawaka moto. Peete asingeweza kunyoosha hata angelipwa. Akatafuta pigo linaloendana na mwili wake, na kwa mkono huohuo akaongoza PGA Tour nzima kwa usahihi wa mpigo wa kwanza, miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990. Miaka kumi! Wengine wanahangaika vichakani, mpira wake umelala katikati, kwenye nyasi zilizofyekwa vizuri.

Na fimbo aliishika kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 23. Alikuwa mchuuzi, akiwafuata vibarua wa mashambani na gari lake kuwauzia bidhaa, mpaka marafiki wa Rochester, New York, walipomvuta uwanjani.

Kuna jambo jingine ambalo hunigusa kila nikilikumbuka. Shule aliiacha mapema, na ili aruhusiwe kuichezea Marekani katika Ryder Cup, pambano la timu za Marekani na Ulaya, alitakiwa awe na cheti cha sekondari. Mtu mzima, bingwa tayari, akakaa na vitabu, akafanya mtihani, akafaulu. Mwaka 1983 akaitwa kwenye timu, na 1985 akaitwa tena.

Haya, hakushinda hata moja ya meja nne, yale mashindano manne makubwa kuliko yote katika gofu. Nalikubali hilo kwa shingo upande. Lakini mtu huyo alifariki Aprili 2015 jina lake likiwa halimo katika Ukumbi wa Magwiji wa Gofu Duniani, na mimi sioni kiwiko gani kingine walikuwa wanakisubiri.

Jumamosi ijayo nakwenda tena kwa shemeji, na safari hii sinyamazi. Nitamkalisha yule kijana, nimwonyeshe video ya Peete akiwa shimo la 17 pale Sawgrass, lile lililozungukwa na maji. Nitamwambia asiutazame mpira. Atazame mkono wa kushoto.