Wanafunzi wa Dodoma na bwawa la kasa la Nungwi

Naunga mkono hoja ya mwandishi wa makala kwamba wanafunzi wa Dodoma wapelekwe kuona viumbe wa baharini katika bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi, kisiwani Unguja, badala ya kusubiri matangi ya vioo yajengwe hapa mjini. Kwetu, ambako hata maji ya kunywa hutegemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, tangi la maji ya bahari lingehitaji takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na kwa jua letu hili maji yangepungua na chumvi kuzidi. Mnarani hakuna tabu hiyo, kwa kuwa bwawa limo ndani ya mwamba wa matumbawe na maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Nilipofika huko, kasa mmoja alikuwa akinyofoa mwani mkononi mwa mhudumu, na ng'amba, kasa wa aina nyingine mwenye mdomo uliochongoka kama wa kasuku, alijitenga pembeni. Makala ingegusia pia nauli, kwani treni ya reli ya kisasa (SGR) huishia Dar es Salaam, kisha kuna boti hadi Unguja na gari hadi ncha ya kaskazini, na hilo ndilo wazazi watakalouliza kwanza.