Efa = lita 22.73? Nani kaipima?

Juzi kanisani mhubiri mgeni katuwekea slaidi kwenye projekta, ile ya Ruthu kaokota masuke kutwa nzima, kapura, kapata kama efa moja (kipimo cha ujazo cha Waisraeli wa kale) ya shayiri, na pembeni kwa maandishi mekundu: EFA = LITA 22.73. Nukta saba tatu! Mahubiri yaliyobaki hata sikuyasikia, nimekaa najiuliza hiyo nukta saba tatu kaitoa wapi, maana Boazi mwenyewe, mwenye shamba, hakuwa nayo.

Hiyo 22 yenyewe asili yake ni vigae. Kule Tell Beit Mirsim, magofu ya Yuda ya kale, walichimbua kipande cha mtungi kimeandikwa "bathi" (kipimo cha vimiminika), Lachish, mji mwingine wa Yuda, wakapata kingine cha "bathi ya mfalme", na kwa kuwa Ezekieli 45:11 inasema bathi na efa ujazo wake mmoja, mwanaakiolojia Albright akakadiria mtungi mzima ungekuwa mkubwa kiasi gani, ikaja kwenye lita 22 hivi. Kakadiria, tena kutoka kwenye vipande. Halafu kuna Josephus, Myahudi wa karne ya kwanza, yeye anasema bathi ni sextarii 72 (kipimo cha Kirumi), ukipiga hesabu unapata kama lita 39. Kwa huku kwetu tofauti ni debe moja au madebe mawili. Kwa Ruthu ni kilo 13 au kilo 23 za shayiri anazibeba kurudi mjini kwa mkwewe baada ya kuinama juani tangu asubuhi, sasa niambieni kama hiyo ni tofauti ya kupuuza.

Ila kinachonimaliza kabisa ni ile mitungi ya Lachish yenye muhuri wa mfalme, mji ule uliochomwa na Waashuru mwaka 701 KK. Mwanaakiolojia Ussishkin na timu yake waliiunga upya wakaipima: kuna uliochukua karibu lita 40, kuna uliopita 50. Muhuri wa ikulu, umbo lilelile, mitungi imesimama mbele yako, na bado inapishana zaidi ya lita kumi. Sawa, haijaandikwa ni bathi ngapi kila mmoja, hilo nakubali. Lakini kama mfinyanzi wa mfalme alikuwa anapishana hivyo, mwenye duka pale sokoni je?

Na huyo mwenye duka tunamjua, maana manabii wamemlalamikia mpaka basi. Amosi 8:5, wanaipunguza efa na kuiongeza shekeli (uzito wa kupimia fedha). Kumbukumbu la Torati 25:14, usiwe na efa mbili nyumbani, kubwa na ndogo. Kwani watu wanakatazwa kitu wasichokifanya? Sisi wa nchi za lumbesa ndio tungetakiwa kuielewa hii haraka kuliko Wazungu wote na majedwali yao, yaani nabii anapiga kelele kwamba efa ya mjini haiaminiki, sisi miaka elfu mbili na mia saba baadaye tunaipa desimali mbili!

Wenye vipimo vyao wenyewe hawajakubaliana. Marabi walipima kwa mayai, efa ni mayai 432, mpaka karne ya 18 Rabi Ezekiel Landau wa Prague akaona kipimo cha mayai hakilingani na kile cha upana wa dole gumba, akaamua mayai ya wakati wake yamepungua nusu (kuku wamelaumiwa bila kusikilizwa). Leo hii kikombe cha divai ya Pasaka ya Kiyahudi, kwa ugomvi huohuo, ukimfuata Rabi Naeh ni mililita 86, ukimfuata rabi mwingine, Chazon Ish, ni 150.

Bahari ya shaba ya Sulemani, lile beseni kubwa la maji la hekaluni, ndiyo usiiguse kabisa. 1 Wafalme 7 inasema bathi 2,000, 2 Mambo ya Nyakati 4 inasema 3,000. Upana dhiraa kumi, kina tano. Chukua dhiraa ya sentimeta 45, hata ukiichora wima kama pipa inaingia kama lita 36,000 tu. Zidisha 2,000 kwa 22.73 uone maji yanavyomwagika.

Haya, mtoto wa Sunday school akiuliza efa ni nini lazima umpe kitu, sikatai. Mwambie kama debe hivi, wengine wanasema mawili, hatalia.

Kilicho imara ni uwiano. Homeri moja ni efa kumi, efa moja ni omeri kumi, bathi moja ni hini sita (vyote vipimo vya Biblia), hapo hakuna ugomvi wa vigae wala mayai. Isaya 5:10 anasema homeri ya mbegu itatoa efa moja, basi, mtu kapanda kumi kavuna moja, hata mbegu yake haikurudi. Ukimwekea mkulima pale lita 220 na lita 22 sawa hesabu inatoka, ila wapo wanaobadilisha mbegu kuwa kilo na divai inayotajwa mstari huohuo kuwa lita, wanakata namba huku na kule, mwisho msomaji anabaki anatafuta kalkuleta badala ya kushika kichwa.