Jina Litakuja

Mtu wa Dar mwache tu. Sokoni Ilala nyanya moja anaigeuza mara tatu kama anakagua hati ya kiwanja. Kwenye daladala, chenji ya shilingi 100 ikichelewa, kutoka Buguruni mpaka Gongo la Mboto ni kesi, konda anatajiwa mpaka ukoo. Halafu huyohuyo saa nne asubuhi simu inatoa mlio: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile yangu inasumbua. Jina litakuja Mwajuma." Anatuma 280,000 chai haijapoa. Kupiga simu kuuliza, aa, bando litaisha!

Jioni kijiweni, juu ya kahawa na kashata, hukumu inatoka: "Kaponzwa na tamaa." Tamaa gani jamani? Mtu analipa kodi ya nyumba, ana tamaa ya nini? Ujumbe ule hautafuti mjinga wala mwenye tamaa. Unamwagwa kwa namba nyingi kwa mkupuo, kama nyavu pale Feri, na mji huu haukosi mtu mwenye hela ya mtu mkononi: mwenye nyumba kadai miezi sita, fundi anasubiri nusu iliyobaki, mama kijijini anangoja ya dawa. Tapeli hajui ni hela ipi. Anasema "ile" tu, kazi ya kujua ni ipi anakuachia wewe.

Lakini utaalamu wenyewe uko kwenye "jina litakuja". Kabla muamala haujapita, simu inakuonyesha jina la mwenye namba, ukiona silo ushtuke ughairi. Ndiyo breki uliyo nayo. Sasa mwenzako kashawahi kuikata: kakwambia mapema kwamba litakuja la Mwajuma, na kweli linakuja la Mwajuma! Badala ya kushtuka unafurahi, unasema huyu hana longolongo, unabonyeza namba ya siri kwa moyo mweupe. Mwajuma ni nani? Tutafika.

Kuna wa pili, huyu analia. "Kaka nimekosea namba, nimekutumia 50,000, ni ya mtoto hospitali, naomba unirudishie." Na ujumbe wa muamala unao hapo, una kumbukumbu namba, una kila kitu. Angalia umetoka wapi. Wa kampuni huja kwa jina la huduma. Huu umetoka namba ya kawaida, kauandika yeye kwa kidole chake. Na salio lililoandikwa humo haliwezi kuwa lako, maana yeye halijui. Fungua menyu, angalia salio halisi. Likiwa halijaongezeka, mwache alie. Likiwa limeongezeka kweli, bado usimrudishie kwa mkono wako: apige 100, huduma kwa wateja warudishe muamala wao. Ukituma mwenyewe, naye akaomba urudishwe hukohuko, hela moja imekutoka mara mbili. Utu umeufanya, na hela imeliwa.

Na ule wa "Hongela umeshnda milioni 10" tunauchekea uandishi. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliuliza kwa nini matapeli wa barua pepe wanajitambulisha kuwa wako Nigeria wakati dunia nzima imeshaijua hadithi hiyo. Jibu lake: ni chekeche. Mjanja akicheka akafuta, tapeli kaokoa muda wake. Anayejibu ndiye aliyeiva. Kwa hiyo wewe unayecheka makosa ya herufi, umechujwa tu.

Wa mkopo ndio wananimaliza. Milioni 1 bila dhamana, dakika tano, "ila tanguliza bima 35,000". Mtu ana milioni ya kukupa, anashindwaje kukata 35,000 yake humohumo? Ukituma, inakuja ya kufungulia faili, 20,000. Kisha ya kodi. Na unalipa! Kwa sababu ukiacha sasa zile za mwanzo zimepotea, basi unazifuata na nyingine zikazitafute.

WhatsApp nitapita haraka. Ile namba ya tarakimu sita anayokuomba "shangazi", eti imekuja kwako kwa bahati mbaya, ndiyo ufunguo wa akaunti yako, na huyo si shangazi, ni aliyeiba akaunti ya shangazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, weka PIN yako. Maana akiingia akaiweka yeye kwanza, unaweza kusubiri siku saba nzima ndipo uingie, na mpaka umtoe keshakukopea kwa mashemeji.

Sasa Mwajuma. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, tangu 2019 tunapanga foleni. Tapeli atasajilije kwa kidole chake? Mjinga yeye? Mwajuma alikwenda kwa kijana wa mwavuli kununua laini. Kijana akamwambia, "Dada, kidole hakijasoma, weka tena." Akaweka. "Futa jasho, weka tena." Akaweka. Jua la Dar, vidole vina jasho kweli, nani atabisha? Kaondoka na laini moja, nyingine zimebaki chini ya mwavuli na jina lake.

Ujumbe wa tapeli unaupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma. Sisi tunachofanya ni kumjibu tapeli matusi, naye anapata uhakika kwamba namba ina mtu. Halafu piga *106#, uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, yaani kitambulisho chako cha taifa. Usiyoijua, peleka kitambulisho kwenye duka la kampuni waifute. Piga leo, na uzihesabu vizuri. Maana kuna mtu Tabora sasa hivi kashika simu, kaambiwa jina litakuja, na limekuja la kwako.