Sikufuta dunia, niliua tu vilivyokuwemo

Kabla hujacheka, iweke pembeni ile sauti ya dakika mbili aliyoisambaza mtoto wa shangazi yangu kwenye magrupu matatu. Eti nimefuta dunia yetu ya gemu la Minecraft. Sijafuta dunia. Dunia ipo, milima ipo, nyumba zipo, folda ya `world` iko palepale. Nilichofanya ni kuua kila kilichokuwa kinatembea, kinaning'inia au kimelala chini ndani yake. Hayo ni mambo mawili tofauti na naomba tuheshimiane.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua seva yetu ya Minecraft, ile kompyuta ya mtandaoni inayoendesha gemu letu la pamoja. Toleo la 1.20.4, ya kukodi, RAM gigabaiti 4, wachezaji kumi, nusu yao wapwa zangu. Anayelipia ni mimi, kwa hiyo mwenye paneli, ukurasa wa kuiendeshea seva, ni mimi, na watoto wananiita Anko Admini. Cheo nilikipenda sana mpaka Jumamosi saa mbili usiku.

Jumamosi ilikuwa siku ya joka. Wiki mbili nzima watu wanachimba almasi, wanapika dawa, wanatafuta macho ya kufungulia lango. Saba wakaingia End, dunia anakoishi joka. Wa nane, mpwa wangu mdogo kuliko wote, aliachwa nyumbani alinde shamba la miwa pamoja na paka wake Kitumbua, maana kaka zake walisema joka si la watoto. Mimi sikuwa ndani ya gemu. Nilikuwa Sinza kwenye kikao cha harusi ya rafiki, na kamatini mimi ndiye mhasibu. Daftari la ahadi mapajani, simu mkononi chini ya meza, sikio moja kwa mwenyekiti, lingine kwenye simu ya pamoja ya wapiganaji.

Wakaanza kulia. "Anko, inakwama!" "Anko, nikivuta upinde leo, mshale unatoka kesho!"

Kukwama kwenyewe nako kulikuwa na mkono wangu. Seva ya Minecraft inatakiwa kupiga hatua 20 kila sekunde, yaani milisekunde 50 kwa hatua. Ikishindwa, konsoli, yaani sehemu ya paneli inayoonyesha ujumbe wa seva na kupokea amri, inalalamika. Yangu ilikuwa inalalamika kwamba iko nyuma milisekunde 2,300, hatua 46 nzima. Wiki iliyopita nilipandisha `view-distance`, umbali ambao mchezaji anaonyeshwa dunia, mpaka 32, ambao ndio mwisho, ili nipige picha ya mlima mkaone huku kwangu. (Mlinipa likes nne. Nne!) Kawaida ni 10. Piga hesabu ya mraba: kwa 10, kila mchezaji anabebewa vipande vya dunia 21 kwa 21, jumla 441. Kwa 32 ni 65 kwa 65, jumla 4,225. Kwa kichwa kimoja.

Sasa utasema, si ungerudisha? Nilirudisha! Asubuhi ya Jumamosi ileile nilifungua `server.properties`, nikaandika `view-distance=8` na `simulation-distance=5` (umbali ambao vitu vinaendelea kusogea), nikahifadhi, nikawatangazia grupu zima "nimesharekebisha, pigeni joka kwa raha zenu". Ila faili lile husomwa mara moja tu, seva inapowaka. Sikuiwasha upya. Kutwa nzima namba 8 imekaa kwenye faili kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe mlango, na seva inaendelea na 32 yake.

Juu ya hilo kulikuwa na miwa. Masanduku ya shamba yalijaa, faneli zikakosa pa kupeleka mzigo, miwa ikawa inamwagika chini. Kitu kilichodondoka hukaa dakika 5 ndipo kinapotea, lakini lile shamba lilikuwa linamwaga kuliko kinachopotea. Kila bua lililolala chini seva inalihesabu kila hatua. Nikaona nifagie. Amri ya kufagia vilivyodondoka ni hii:

`kill @e[type=item]`

Hiyo `@e` maana yake ni kila kitu. Kila kitu kweli, kwenye dunia zote tatu, mradi eneo lake limepakiwa, yaani seva inaliendesha wakati huo. Mabano ya mraba ndiyo yanayosema "hapana, taratibu, vile vilivyodondoka tu". Bila mabano, amri inachukua wachezaji, paka, wanakijiji, ng'ombe, mashua, fremu za ukutani, na joka.

Naomba sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mtoto wa shangazi anaporuka.

Kwenye simu yangu mabano ya mraba yako mbali. Ubonyeze namba kwanza, halafu alama, halafu ukurasa wa pili wa alama, ndipo uyakute yamejificha huko. Nimeshaandika `kill @e`. Kidole gumba kiko hewani, kinaelekea kutafuta bano. Mwenyekiti, ambaye ana sauti ya mtu aliyezaliwa na spika, akasema:

"Mhasibu! Hebu tusomee tumefikia wapi."

Nilishtuka. Kidole kikashuka. Hakikushuka kwenye bano.

Nikatazama skrini. Hamna kitu. Kile kiduara cha mtandao kinazunguka. Konsoli nyeupe, haijibu. Nikasema moyoni alhamdulillahi, mtandao umekatika, haijaenda. Huku nasimama, nasoma kwa sauti, "Ahadi tuliyonayo mpaka leo...", chini ya daftari nikaandika amri upya, safari hii kamili, mabano yote mawili, nikaikagua, nikatuma kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake.

Sikioni kukawa kimya. Nikafurahi. Nikajua wameacha kulia kwa sababu seva imekuwa nyepesi.

Mtandao ukarudi. Kumbe amri zote mbili zilishafika zamani, kilichochelewa ni majibu. Yakaja kwa mpigo, na mimi niko wima mbele ya watu thelathini.

Kwanza yalikuja majina ya wachezaji, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tangazo kwamba ameuawa. Saba wa End. Wa nane wa nyumbani. Halafu wanakijiji, na seva ina tabia moja mbaya: mwanakijiji akifa, inaandika kwenye konsoli na kazi yake. Mkulima. Mkulima. Mkutubi, yule aliyekuwa anatuuzia kitabu cha kurekebisha silaha kwa zumaridi 11. Mvuvi. Halafu viumbe vyote vilivyopewa majina, kila kimoja na mstari wake na namba za mahali kilipofia. Mkopo, ng'ombe. Bosi Mdogo, mbwa. Bosi Mkubwa, mbwa. Nasoma ahadi kwa mdomo, nasoma tanzia kwa macho. Mstari wa mwisho kabla ya jumla ulikuwa Kitumbua.

Jumla: 1,140.

Sikioni nikasikia sauti ndogo, haina hata kilio bado. "Anko. Kitumbua alikuwa amekaa tu."

Nikasema, kwa sauti, kwenye kikao cha harusi, daftari la michango mkononi: "Mungu wangu, nimewaua wote."

Kimya. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza, "Wote akina nani, baba?" Sikuwa na jibu fupi.

Sasa jamani, joka. Joka nalo ni kiumbe. Halikuanguka, halikulipuka kwa ile mianga tuliyoisubiri wiki mbili, halikutoa hata tone la uzoefu. Lilitoweka tu, kama mdeni. Lango la kurudi likafunguka na hakuna aliyehesabiwa kuwa ndiye aliyeliua, maana aliyeliua alikuwa Sinza.

Na bado hamjasikia kibaya zaidi. Kwetu `keepInventory` ni `false`, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga domo kwamba gemu bila hasara haina ladha. Mchezaji akifa anaangusha alichobeba, mpaka nafasi 41: begini 36, deraya 4, mkono wa kushoto 1. Amri ya kwanza iliwaua watu saba wakamwaga mali yao yote chini, kule End, nadhifu kabisa. Wangeweza kuirudia. Tena ingewasubiri, kwa sababu wakishazaliwa upya kwenye vitanda vyao kule End kunabaki bila mtu, eneo linapakuliwa, yaani seva inaacha kuliendesha, na ile saa ya dakika 5 inasimama.

Ila wakati huo walikuwa bado kwenye skrini ya kifo, wanapiga kelele, na eneo limepakiwa. Ndipo ikafika amri yangu ya pili. Ile nzuri, yenye mabano. Ikafagia 263.

Kwa hiyo ile amri niliyokosea iliwaua, na ile niliyopatia ikawafilisi. Seva baada ya hapo ilikuwa inateleza kama samli. Hatua 20 kwa sekunde, haina hata lalamiko moja. Lengo lilitimia, sema hakukuwa na kiumbe wa kulifurahia.

(Kabla hamjanijazia ushauri: ndiyo, najua. Unaandika kwanza `execute if entity @e[type=item]`, haiui chochote, inakupa idadi tu. Ukiona idadi haifanani na unachokitegemea, unaacha. Na kwenye simu amri unaiandika kwenye noti, unaisoma, ndipo unaibandika. Nawafundisha wapwa hivyohivyo kila siku. Na yule aliyeniandikia nitumie `type=!player`, kaka, hiyo inawaacha wachezaji lakini Kitumbua anakufa palepale.)

Nikatoka nje ya baa, nikasimama kando ya jiko la mishikaki, nikafanya kosa la tatu. Paneli ina vitufe viwili vya kuzima. Kimoja kinasimamisha kistaarabu: seva inahifadhi kila kitu kwenye diski kisha inalala. Kingine ni chekundu, kinakata pumzi papo hapo, hakihifadhi kitu. Siku zote nawafokea watu wasikiguse chekundu, utaharibu dunia. Seva hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 5, kwa hiyo huenda ningekibonyeza kile chekundu wakati ule tungerudi dakika chache nyuma, joka hai, paka hai, mimi admini. Ilikuwa ndiyo siku yake pekee. Nikabonyeza cha kistaarabu. Seva ikahifadhi misiba yote 1,140 kwa uangalifu mkubwa, ikaniaga, ikalala.

Basi kuna bakapu, nakala ya akiba ya dunia, si ndiyo? Mpango wetu unaruhusu mbili, na nina ratiba ya kutengeneza mpya kila alfajiri, ikifuta ya zamani. Nafungua, naona zote mbili zina alama ya kufuli. Nilizifunga mwenyewe, "kwa usalama", na iliyofungwa haifutwi. Kwa hiyo kila alfajiri ratiba ilikuwa inaamka, inakosa nafasi, inashindwa, inalala, na mimi sijawahi kufungua ule ukurasa. Iliyo karibu zaidi ilikuwa na siku 19.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka maana nina kazi asubuhi. Kurudisha dunia nzima siku 19 nyuma walikataa kwa kura saba kwa moja, kura moja ikiwa yangu. Nikaipakua bakapu kwenye kompyuta, nikaacha `playerdata`, folda ya kumbukumbu za wachezaji, ilivyo, nikachukua folda ya `entities` tu, ambako tangu toleo la 1.17 viumbe wanahifadhiwa mbali na udongo na mawe. Kila faili linabeba eneo la bloku 512 kwa 512. Nyumba zetu zimekaa kwenye makutano ya sifuri, kwa hiyo yakahitajika manne: `r.0.0.mca`, `r.-1.0.mca`, `r.0.-1.mca` na `r.-1.-1.mca`. Seva imezimwa kabla ya kuyapandisha, la sivyo inayaandika juu tena wakati wa kujihifadhi. Almasi nimewapa kwa `give`, wamepokea huku wamenuna. Paneli anayo mtoto wa shangazi. Mimi nimebakiziwa ruhusa ya kusoma konsoli, kuandika siwezi. Uhasibu wa kamati nao umekwenda kwa mama yule aliyeniuliza wote akina nani.

Viumbe wakarudi, lakini wa siku 19 zilizopita. Mkutubi amerudi kabla hajatupunguzia bei, anataka zumaridi 19 kwa kitabu kilekile. Kuna ng'ombe wawili tuliokwisha kuwala, wanatutazama. Na Kitumbua yupo. Mpwa wangu alimkuta kijijini, rangi ileile ya chungwa. Tatizo ni kwamba alimfuga siku ya kumi na mbili nyuma, kwa hiyo huyu aliyerudi hana jina, hana mwenyewe, na akimwona mtoto anakimbia. Kumfuga kunataka samaki mbichi, na kila samaki mmoja una nafasi moja kati ya tatu ya kukubaliwa. Usogee taratibu umeinama, la sivyo anatimka.

Nimekuwa nasoma konsoli tangu jioni. Mtoto ameshamlisha samaki saba.

"Anko," kaandika, "huyu hanijui."