Mpita Njia Naye Ana Hesabu Zake

Mwaka 2011 studio ya 11 bit ya Warsaw, Poland, ilitoa gemu la Anomaly: Warzone Earth. Katika magemu ya kulinda kwa minara tulikuwa tumezoea kujenga minara yenye silaha kando ya njia na kumsubiri adui apite. Humu minara ni ya adui, na wewe ndiye unayepitisha msafara wa magari ya vita katika mitaa ya Baghdad, baadaye Tokyo. Wachezaji wenzangu hapa Sinza, Dar es Salaam, wanalibeza. Kwao ni gemu lilelile lililogeuzwa ndani nje kama fulana, tena limepoteza utamu wa kujenga. Naona hawajalitendea haki.

Hoja yao ina uzito, nakubali. Mjenzi anaanza na uwanja mtupu, na leo anaweza kuweka minara yake kwa namna ambayo jana haikumjia kichwani. Mshambuliaji anakuta ramani imeshapangwa, na akishaijua njia nzuri, mchezo unakuwa kitendawili kilichokwisha teguliwa. Pia Baghdad ni jiji la watu wengi, lakini humo mitaa imebaki uwanja wa kupigania tu. Hayo siyatetei.

Ninachokitetea ni mpangilio wa msafara. Magari yanakwenda yenyewe, yamefuatana. Kazi yako ni kuchora njia yatakayopita na kuamua lipi litangulie. Hapo ndipo penye gemu lenyewe. Gari la deraya nene likitangulia, linapokea risasi za kwanza huku yenye silaha kali yakipiga kutokea nyuma. Lakini ipo minara inayopiga kwa nguvu mbele yake tu, na ukiijia kutoka nyuma inachelewa kugeuka. Basi kukunja kona moja kabla kunaweza kuokoa gari ambalo deraya isingeliokoa. Gari la kinga nalo, lile linalokinga magari jirani, ukiliweka mkiani, ya mbele yanakufa kabla halijayasaidia. Ukilitanguliza, linakufa lenyewe. Kubadili nafasi ya gari moja kunabadili hesabu ya kila mtaa uliobaki.

Dereva wa bajaji anayetoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo anaijua hesabu hii. Akifika TAZARA, anyooshe na Barabara ya Nyerere au akunje Buguruni aingilie Uhuru? Foleni hakuiweka yeye na hawezi kuiondoa, ila kila kona aliyokunja inampangia kona zitakazofuata. Kama hiyo si akili ya mkakati, sijui tunaiita nini.

Jingine ni uchungu wa kupoteza. Katika magemu mengi ya kulinda kwa minara, mnara ukishasimama umesimama. Anayekufa ni adui, tena kwa makundi. Humu gari ulilolinunua na kuliboresha kwa fedha za mapambano matatu linaweza kuungua katika mtaa mmoja. Ndiyo maana katika toleo la kompyuta kamanda anakimbia kwa miguu kando ya msafara, akiangusha ukarabati hapa, moshi pale, au chambo cha kuzubaisha minara. Misaada hiyo ina idadi. Ukiitumia mapema kwa woga, mtaa wa mwisho unakukuta mikono mitupu. Anayecheza bao anaijua hali hii: kete 22 za kunamua zipo mkononi mwake, lakini kila anayoitia haimrudii mkononi, na zikiisha analazimika kwenda na zilizo ubaoni.

Kwa hiyo, wanaposema mshambuliaji ana uhuru mdogo, nawajibu kwamba wanahesabu mwanzo tu. Mjenzi ana mengi ya kuchagua kabla vita havijapamba moto, halafu anabaki mtazamaji kwa dakika nzima nzima. Mwenye msafara anachagua machache, lakini hachoki kuchagua mpaka gari la mwisho litoke.

Watengenezaji wenyewe hawakuudharau upande wa pili. Anomaly 2, ya mwaka 2013, inawakutanisha wachezaji wawili, mmoja na minara na mwingine na msafara, na mwaka uliofuata Anomaly Defenders ikampa mchezaji minara yenyewe aijenge. Basi wenzangu wa Sinza tukutane kwenye hiyo ya 2013. Wao wachukue minara yao, mimi niachieni msafara.