Mbuzi wa miguu miwili: nani hutangulia katika mageuko, jeni au kiumbe?

Mwaka 1942 mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, E. J. Slijper, aliandika habari za mbuzi aliyezaliwa bila miguu ya mbele. Mbuzi huyo alijifunza kusimama na kwenda kwa miguu ya nyuma, akirukaruka, mpaka alipokufa kwa ajali akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Slijper alipoupasua mwili wake alikuta umejipanga upya. Mifupa ya nyonga na ya miguu ya nyuma ilikuwa na umbo jingine, kifua kimetanuka, uti wa mgongo umepinda, na misuli ya makalio imekua tofauti na ya mbuzi wa kawaida.

Kwa mabadiliko yote hayo hapakuhitajika jeni mpya. Mwili ulipojikuta katika hali ambayo huenda haikuwahi kuwapata mababu zake, ulitafuta njia ya kuishi nayo.

Mbuzi huyu hutajwa mara nyingi na wanasayansi wanaosema kwamba nadharia ya mageuko imemsahau kiumbe mwenyewe. Maelezo yaliyozoeleka yana pande mbili: jeni hubadilika kwa bahati, mazingira huchuja. Kiumbe yumo katikati kama mahali tu ambapo mambo hayo mawili hukutana. Mwaka 1976 mwanabiolojia Richard Dawkins aliyasema hayo waziwazi kuliko wote, akiuita mwili chombo ambacho jeni hukitumia ili zidumu. Miaka michache baadaye, mwaka 1983, mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alijibu kwa upande wa pili: kiumbe hatendwi tu na mageuko, yeye pia ni mtendaji. Hujitengeneza kila saa kutokana na chakula anachokula, hulinda hali yake ya ndani dhidi ya joto na ukame, huamua aende wapi, na hubadilisha mahali anapoishi.

Wengi wakisikia kwamba viumbe hai hujitawala namna hii, huruka haraka kwenye tafsiri mbaya. Hudhani tunarudishiwa ile nguvu ya uhai isiyopimika, au dhana ya kale kwamba twiga alirefusha shingo kwa kutamani majani ya juu. Haki ni kusema kwamba baadhi ya watetezi wenyewe wamewapa watu sababu ya kudhani hivyo. Lakini dai lenyewe ni la kiasi zaidi: kujitawala ni jina la kazi zinazopimika maabara, na kazi hizo huamua ni mambo gani yatakayoufikia uteuzi asilia (ule mchujo wa mazingira) ili uyachuje.

Wapinzani wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya mwaka 1943. Wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück waliotesha bakteria katika vyombo vingi vilivyotengwa, kisha wakawakutanisha na virusi wanaowaua. Kama bakteria wangepata kinga kwa kuitikia shambulio, idadi ya walionusurika ingekaribiana katika kila chombo. Haikuwa hivyo. Vyombo vingi vilikuwa na wachache au hakuna kabisa, na vichache vilijaa, kwa sababu humo mabadiliko ya jeni yalikuwa yametokea mapema, kabla virusi hawajaletwa, nayo yakawa yamerithiwa na vizazi vilivyofuata. Kwa hiyo bakteria hawakuchagua mabadiliko yao, na anayetaka kutetea kujitawala kwa viumbe lazima aanze kwa kulikubali hilo.

Wapinzani husema pia kwamba uwezo wowote wa kiumbe kujirekebisha ni zao la uteuzi asilia. Bakteria anayeogelea kuelekea sukari hufanya hivyo kwa mitambo ya protini iliyochujwa kwa mabilioni ya miaka, kwa hiyo kumwita mtendaji ni kupamba tu. Hoja hii inanivutia kidogo kuliko ile ya kwanza. Uteuzi asilia hauwezi kuanza kazi mpaka kiwepo kitu kinachojitunza na kuzaa. Seli iliyozibwa kwa utando wake, inayoingiza nishati na kutoa taka, ni sharti la uteuzi kabla ya kuwa zao lake. Ukisema uteuzi umeeleza kila kitu, umekwisha kuazima kitu kimoja bila kukilipia.

Hata hivyo sipendi ubishi uishie kwenye falsafa, maana mbuzi wa Slijper ana hoja ya kimatendo. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Ikiwa umbo jipya linahitaji mabadiliko matatu ya jeni kwa wakati mmoja, na kila moja lina nafasi moja kati ya elfu, basi nafasi ya yote matatu kumwangukia mnyama mmoja ni moja kati ya bilioni. Jibu la kawaida ni kwamba si lazima yaje pamoja. Moja huja, likaenea, kisha likaja jingine. Ni jibu zuri, ila linadai kila hatua iwe na faida peke yake, na mguu uliorefuka bila misuli, mishipa na mwendo wa kuutumia hauna faida yoyote ya maana.

Mwili wa mbuzi hausubiri hesabu hizo. Mfupa hunenepa pale unapobebeshwa mzigo. Misuli hufuata mfupa. Mishipa ya damu huchipua kuelekea tishu zenye upungufu wa oksijeni, na neva nyingi huota kupita kiasi, kisha zile zisizopata pa kushika hufa. Badiliko moja likitokea sehemu moja, sehemu nyingine hujipanga kulizunguka bila kila moja kungoja jeni yake. Yale mabadiliko matatu ya mfano wetu yamegeuka kuwa moja, na nafasi moja kati ya bilioni imerudi kuwa moja kati ya elfu. Mbuzi yule hakurithisha umbo lake, na wapinzani hawaachi kutukumbusha. Kweli, lakini hapa suala ni kwamba mwili unaoweza kufanya vile hulipa badiliko dogo la jeni matokeo makubwa yanayofanya kazi.

Mwaka 2014 mwanabiolojia Emily Standen na wenzake walichapisha jaribio linalokaribia swali hili zaidi. Walilea samaki wa Afrika aina ya Polypterus, wenye mapafu pamoja na matamvua, nchi kavu kwa miezi minane. Samaki hao walitembea vizuri kuliko wenzao waliokulia majini: mapezi yalikaa karibu zaidi na mwili na kichwa kiliinuliwa juu zaidi. Mifupa ya bega nayo ilibadilika, kwa mwelekeo unaofanana na ule unaoonekana kwenye visukuku vya viumbe waliohama kutoka majini zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita.

Pale ambapo watetezi hunipoteza ni wanaposema mageuko yote yanaelekea kwenye kujitawala zaidi, kutoka bakteria hadi mnyama wa damu moto. Tegu aliyeko tumboni hana utumbo wake mwenyewe. Amekabidhi kazi hiyo kwa mwenyeji wake. Mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, zilikuwa bakteria huru, na leo zile zilizomo katika seli za binadamu zimebakiwa na jeni 37 tu. Uteuzi hupunguza uhuru kila unapolipa kuupunguza.

Yanayobaki kubishaniwa ni ya vizazi. Katika miaka ya 1950 mwanabiolojia Conrad Waddington aliwapitisha mabuu-bundo (hatua ya mdudu kabla ya kuwa mzima) wa nzi wa matunda katika joto la nyuzi 40, akazalisha wale tu walioitikia kwa mishipa ya bawa kukatika. Baada ya zaidi ya vizazi kumi, baadhi ya nzi walionyesha alama hiyo bila joto lolote. Mwili ulitangulia na jeni zikafuata, wasema watetezi. Tofauti za jeni zilikuwepo tangu mwanzo zikiwa zimefichika, na uteuzi ndio uliozikusanya, wasema wapinzani, na Waddington mwenyewe alilikubali hilo. Naona pande zote mbili zimesoma jaribio sawasawa. Ila joto liliwekwa na mtu, na aliyechagua nzi wa kuzaa ni mtu. Samaki wa 2014 nao walifuatiliwa kizazi kimoja tu. Kinachokosekana ni ukoo wa wanyama walioachwa wachague wenyewe mazingira mapya, wafuatiliwe mpaka ijulikane kama jeni zilizoenea zilikuwa zile zilizorahisisha walichokuwa tayari wanakifanya.