Newtoni 100 na Mkokoteni wa Mjomba

Nilipokuwa kidato cha pili, tulifundishwa kwamba kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni tungamo, zile kilo za kitu, mara mchapuko, yaani jinsi mwendo wake unavyoongezeka kila sekunde, nami nikaipokea fomula hiyo kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala. Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikwenda Kimara, Dar es Salaam, kumsaidia mjomba wangu, ambaye alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa magurudumu mawili katika mitaa isiyojua tambarare ndefu.

Nilimkuta akipakia. Baada ya kumwamkia nilichuchumaa kando, nikaokota kijiti na kuanza kukokotoa mchangani. Madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200 za maji. Mkokoteni wenyewe niliukadiria kuwa kilo 50. Kuuondoa mahali uliposimama kwa mchapuko wa mita 0.4 kwa sekunde mraba kulihitaji 250 mara 0.4, yaani kani ya newtoni 100, ambazo ni kama uzito wa nusu dumu.

“Mjomba,” nikamwambia, “kazi inayokuumiza mgongo kila jioni ni sawa na kunyanyua nusu dumu.”

Alinitazama, akautazama mchanga, akanitazama tena. “Basi leo vuta wewe, mjomba. Mimi nitafuata nyuma nijifunze.”

Alitaka kwanza kuyasogeza madumu mbele na kuyafunga kamba. Nilimzuia, nikamweleza kwa upole wa msomi kwamba fomula haiulizi dumu limekaa wapi, inauliza kilo tu. Akaizungusha kamba yake kiunoni, akanyamaza.

Kwenye tambarare nilikwenda, ingawa kwa jasho ambalo halikuwamo katika hesabu, kwani msuguano, ambao darasani tuliambiwa tuupuuze, haukuwa na habari kwamba umepuuzwa. Kisha kikaja kilima. Kwa kila mita 10 barabara ilipanda mita moja hivi, na mteremko huo peke yake ulikuwa ukiurudisha mzigo nyuma kwa takriban newtoni 250, hesabu niliyoifanya baadaye, nikiwa nimekaa.

Katikati ya kilima nilisikia dumu likiteleza, kisha jingine, kisha yote kwa pamoja yakahamia nyuma. Matatu yaliruka na kupasuka, na mama aliyekuwa akikaanga vitumbua akainyakua karai yake kabla maji hayajamfikia. Saba yalibanana mkiani. Mipini ikaanza kupanda, nami, kwa kuwa niliona kuiachia ni kukubali kushindwa, nikapanda nayo. Mkia wa mkokoteni ulijichimbia ardhini ukatulia, huku mimi nikining'inia hewani, ndala moja mguuni na nyingine imebaki barabarani.

Mjomba hakukimbia. Alisogea polepole mpaka chini yangu.

“Una kilo ngapi, mjomba?”

“Hamsini na mbili,” nilijibu kutoka juu.

“Na nyuma kumebaki madumu saba.” Akafikiri kidogo, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kujisahihisha. “Haya, usiachie.”

Akaanza kuyashusha moja moja, bila haraka yoyote, akihesabu kwa sauti ili hata mama wa vitumbua asikie. La pili lilipotua, visigino vyangu viligusa ardhi. Ndipo mjomba akaifungua ile kamba kiunoni, akaniuliza kama fomula sasa ingependa kujua madumu yakae wapi.